Wiki ya Kumfundisha Dokta

Jumatatu, 4 Mei

Balaa. Binti yangu mkubwa, tunayemwita Dokta ingawa bado hajawa, ametangaza mezani kwamba utafiti wake umekamilika. Ijumaa anausoma mbele ya maprofesa. Baba Watoto akauliza hivi unahusu nini hasa, maana miaka yote watu wakituuliza tunajibu "mambo ya afya" na kubadilisha mada. Dokta akajibu bila kupepesa macho: unahusu kwa nini akina mama hawazungumzi na mabinti zao juu ya mwili, mapenzi na uzazi.

Kijiko kikanidondoka.

Yaani ada nimelipa, mayai nimemchemshia kila mtihani, kumbe mtu ananitafiti mimi! Mama yake mzazi! Ijumaa atasimama mbele ya watu wenye suti aseme hakuambiwa kitu nyumbani. Nitaiweka wapi sura yangu?

Kitinda, binti yangu wa mwisho, wa miaka kumi na miwili, akadakia kuuliza mwili unafanya nini. Nikamtuma chumvi dukani.

Nimepata mpango. Nitamwambia Dokta kila kitu kabla ya Ijumaa. Akiwa ameambiwa, hawezi kusema hakuambiwa. Utafiti utakwama kwangu. Akili ninayo, shule tu ndiyo sikuipata.

Jumanne, 5 Mei

Nilimkuta Dokta anapiga pasi. Nikafunga mlango. Mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, unaanzia wapi? Nikaanzia kwa paka. Nikamweleza paka wa jirani alivyokuwa mmoja, akatembelewa, sasa wako sita. Akasema, ndiyo Mama. Nikamwambia basi ndivyo ilivyo. Akauliza ndivyo ilivyo nini. Nikasema, paka. Jasho linanitiririka.

Akaona paka wananisumbua. Akapiga simu. Alasiri amekuja daktari wa mifugo, amewafunga kizazi paka wote sita.

Kwa hiyo somo limefika, ila limefika kwa paka.

Mwenye paka ni Fundi Cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alikuja mlangoni na futi yake shingoni kuuliza ni nani aliyewaonea wivu wanyama wake. Nikamweleza shida yangu ili apoe. Kosa kubwa. Akasema yeye mabinti zake aliwaambia mapema, waziwazi, na michoro akawachorea. Nikasema hata mimi. Akachekea puani. Sijawahi kumpenda mwanamke huyu, na sketi yangu aliibana kiunoni makusudi.

Kitinda aliuliza paka wamefanywa nini. Chumvi.

Jumatano, 6 Mei

Leo nimekwenda zahanati kutafuta maneno yanayofaa. Nilijitanda mtandio hadi puani, nikavaa miwani ya jua ya Baba Watoto. Foleni ndefu. Muuguzi, kasichana kadogo tu, akaniita kwa sauti ya mnadani: "Mama mwenye miwani ya mwanaume! Umekuja uzazi wa mpango?" Mimi, wa miaka hamsini na nne! Nikasema namuulizia mtu. Akasema wote huwa wanamuulizia mtu. Foleni nzima ikaguna.

Akanifundisha kuvisha kondomu kwenye kigogo cha mti. Nikakivisha vizuri tu, akanisifu. Akanipa boksi zima.

Mlangoni, ana kwa ana na shemeji, mdogo wake Baba Watoto. "Shikamoo shemeji, mbona umejificha hivyo?" Boksi chini. Nikamwambia ni maputo ya sherehe. Akauliza sherehe gani. Nikasema ya Dokta, Ijumaa, chuoni. Akasema vizuri sana, atakuja, na familia yote ataileta.

Jioni nikajua kwamba boksi amelisoma. Amemwambia kaka yake. Nilitegemea ugomvi. Badala yake Baba Watoto amenyoa ndevu, ameoga mara mbili na anapiga mluzi. Nimehamia chumba cha Kitinda.

Kitinda ameuliza ni maputo gani hayo. Chumvi tena. Huyu mtoto ana maswali!

Alhamisi, 7 Mei

Leo ndiyo leo. Dokta aliomba nimsuke kwa ajili ya kesho. Mtu unayemsuka hawezi kukutazama usoni. Nafasi ya dhahabu! Nikashika kitana, nikasema yote kwa pumzi moja kama msomaji wa habari: mwanaume ukimkubali kuna mimba, kuna magonjwa pia, vifaa vipo, boksi ninalo, mwili ni wako, asiyekuheshimu mwache, hayo ndiyo mambo ya mapenzi na sasa nimekwambia.

Mabega yake yakatetemeka. Nikadhani analia, nikaanza kulia mimi. Kumbe anacheka, hadi kitana kikaruka.

Halafu akanishika mkono. Akashukuru. Akaniuliza, na wewe Mama, nani alikwambia? Nikamwambia hakuna. Siku ya kwanza nilipoona damu nilijua nakufa. Nikaenda bandani nikawaaga kuku, mmoja mmoja kwa jina. Mama yangu akanikuta huko akanipa kitambaa, hakusema neno.

Dokta hakucheka safari hii. Akauliza kama Kitinda ameshaambiwa. Nikashangaa, Kitinda bado anaruka kamba! Akasema Kitinda amefua shuka lake mwenyewe mara mbili wiki hii, je, nimeona? Nikasema nimeona, mtoto hatimaye ameanza kupenda usafi.

Dokta akanitazama tu. Wasomi hutazama sana.

Ijumaa, 8 Mei

Ushindi!

Ukumbi ulijaa. Baba Watoto kidevu kinang'aa. Shemeji na familia wamekuja na maputo, ya kweli. Fundi Cherehani alikaa mbele kabisa na binti yake.

Dokta wangu akapanda. Anaongea kama maji ya bomba! Akasema mama wengi hawakosi upendo, wanakosa pa kuanzia. Akasimulia kisa cha binti mmoja, jina hakutaja. Kila akimuuliza mama yake jambo la mwili, mama anamtuma chumvi. Chumvi ikajaa kabati hadi ikaganda kama mawe. Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, machozi yakanitoka. Nikamwuliza Baba Watoto, mwanamke gani huyo, jamani? Akawa anaangalia viatu vyake. Fundi Cherehani aligeuka akanikodolea macho. Naona ameupenda mtandio wangu.

Wakati wa maswali, binti yake akasimama, akasema kwao hakuambiwa lolote, na michoro aliyowahi kuiona kwa mama yake ni ya magauni tu. Lo! Nilitamani wamrudishie kipaza sauti aseme tena.

Nikasimama mimi. Nikasema ndimi mama mzazi wa msomaji, na iandikwe kwamba wangu nimemwambia kila kitu. Profesa akauliza lini. Nikasema jana. Akauliza, jana? Nikasema jana alasiri, nikimsuka. Makofi! Nikapunga mkono.

Dokta alinikumbatia, akaninong'oneza kwamba bado kuna binti mmoja anasubiri. Sikumwelewa, maputo yalikuwa yanapasuka.

Jumamosi, 9 Mei

Nilikuwa naosha vyombo. Binti mmoja anasubiri. Shuka. Mara mbili.

Sahani ikanitoka mkononi. Mungu wangu, Kitinda! Mwanangu yuko peke yake na jambo hili, labda naye anadhani anakufa, na sisi hata kuku wa kuwaaga hatuna!

Nilikimbilia dukani na ndala. Nikaomba pedi kwa kunong'ona, mwenye duka akauliza kwa kupayuka za ukubwa gani. Nikachukua za kila ukubwa. Nikanunua na biskuti anazozipenda. Nikaviweka vyote chini ya mto wake, nikamlainishia na mto wenyewe. Sikusema neno. Nikasimama pale nikajisikia mama kamili.

Baadaye akaja jikoni ameikumbatia pakiti. Anatabasamu, macho yana maji. Akasema asante Mama. Akauliza zinavaliwaje, na je, ndiyo itakuwa hivi siku zote?

Nilimtazama, mtoto wangu mzuri. Maneno yote ya Alhamisi yalikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikafungua mdomo.

Nikamwambia chumvi imekwisha.

Akasema, "Mama, ya Jumatano ile pale. Na ya Jumanne iko nyuma yake."

Nikamwambia basi alete sukari.

Hajarudi mpaka sasa. Nimechungulia dirishani, kumbe amekaa ngazini na dada yake, wanaongea, wanacheka, biskuti wanagawana. Safi. Dokta anajua kufundisha. Yote aliyapata kwangu.

Ila chai yangu inapoa, na sukari sijaletewa.