Hotuba ya Matroni Kuhusu Utafiti wa Tabia Bwenini

Wewe wa nyuma! Mwanachuo mzima unapasua chingamu mbele ya bibi yako? Iteme!

Mheshimiwa Mlezi wa Wanafunzi. Mheshimiwa Mhadhiri Msimamizi. Mheshimiwa Fundi Bomba, usiyefika mpaka maji yatufike magotini. Wakazi wote wa bweni hili. Na mimi mwenyewe, Matroni Mkuu na Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Bweni, niliyeishia darasa la nne lakini nimewaamsha madaktari wangapi waende kwenye mitihani yao: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Ndugu wadau, katika kutekeleza mkakati shirikishi wa kuinua ufaulu, mjukuu wangu, binti huyo aliyejiinamia mstari wa mbele, ameendesha utafiti wa mwaka mzima humu bwenini kuhusu namna tabia njema na fikra bunifu zinavyopandisha alama za mwanachuo, na kesho kutwa anaukabidhi ili apate digrii. Data zinaonyesha kwamba asilimia tisini na saba nukta nne ya wakazi ni waaminifu kupindukia (vicheko), wanaamka alfajiri kwa hiari yao (vicheko zaidi), na hakuna aliyewahi kuiba sabuni ya mwenzake. (Sauti: "Bibi, na yangu je?") Kaa chini, nawe ndoo yako uitoe koridoni!

Aidha, wamehojiwa wakazi mia tatu na kumi na wawili. Bweni langu lina vitanda tisini na sita, magodoro nagawa mwenyewe. Tena aliyejibu kwa busara kuliko wote anaishi chumba namba arobaini. Chumba namba arobaini ni stoo ya mafagio.

Hivyo basi, natoa shukrani za dhati kwa madodoso ambayo hayakugawiwa, kwa wahojiwa ambao hawajazaliwa, na kwa mjukuu wangu aliyewatunga wote akiwa kitandani, mimi nampelekea chai nikidhani anasoma. Ubunifu unao, mama, tena wa kutisha. Tabia ndiyo haijafika. Na digrii ya namna hiyo ukutani kwangu haitundikwi.

(Mjukuu: "Bibi, zimebaki siku mbili tu!")

Zinatosha. Ukweli juu! (Juu!) Uvivu chini! (Chini!) Mheshimiwa Mhadhiri, usimwongezee hata dakika. Na wewe, nyanyuka, chukua karatasi, anzia chumba namba moja. Ubishe hodi kwanza.