Mashine ya Mama Ikupa Yatiwa Umeme

Injinia Ima hakuwa injinia. Chuo cha ufundi alikiona kwa nje tu, tena akiwa juu ya pikipiki inayokimbia. Lakini mdomo alijaliwa, na mji wa Tukuyu ulikuwa umemlisha kwa mdomo huo miezi minne mizima.

Jumatano moja alikuwa anapita kijiji cha Masoko, akaona riziki. Mama Ikupa, nesi mstaafu anayekodisha uwanja wake wa nyasi kwa harusi, alikuwa amekalia mashine ya kukatia nyasi, ile ya kupanda kama trekta dogo, aliyouziwa na wazungu waliokuwa wanarudi kwao. Mashine ilinguruma, ikakohoa, ikazima.

"Petroli imeisha tena!" Mama Ikupa akalalamika. "Hii inakunywa kumshinda marehemu mume wangu."

Ima alishashuka kwenye pikipiki. "Shikamoo, mama. Wenzako mjini wameachana na petroli. Natoa injini, naweka mota na betri. Unachaji kama simu, unakata nyasi kimya kimya."

"Marahaba. Na injini?"

"Ya nini tena mama? Nitakusaidia kuitupa."

Kuitupa! Injini nzima kama ile ina mnunuzi Mbeya kabla hata haijapoa. Na mpango ulikuwa hivi, msomaji, usije ukaujaribu: mota na betri angekodi kwa Fred, fundi wa bajaji za umeme pale Tukuyu, akiweka rehani pikipiki yake, ambayo ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo chini ya jua. Mashine ikishatembea na hela ikishaingia mfukoni, angesema betri lazima ziende Mbeya zikachajiwe mara ya kwanza kwa mtambo maalumu. Kumbe zingerudi kwa Fred, pikipiki ingekombolewa, na Mama Ikupa angebaki na bati lenye magurudumu manne.

Fred alimpa masharti mafupi. "Mwisho Jumapili jioni. Ukichelewa, pikipiki yangu."

Jumamosi Ima akafungua bolti, akang'oa injini, akafunga mota mahali pake, akavisha mkanda kwenye puli. Betri nne akazipanga chini ya boneti na kuzikaza kwa mpira wa tairi. Mama Ikupa akawasha. Mashine ikaenda! Nyasi zikakatika, kelele hakuna. Kusema kweli aliyeshangaa zaidi ni Ima mwenyewe.

"Ndaga fijo, mwanangu!" Mama Ikupa akashukuru kwa Kinyakyusa, akamlipa palepale.

"Asante, mama. Sasa betri nazipeleka Mbeya zikachajiwe..."

"Hiyo kesho. Kitu kipya hapa kwetu kinashukuriwa kwanza kanisani. Leo unakula ndizi na nyama, unalala."

Ima akapiga hesabu. Akikataa, atashtukiwa, na bila betri hakuna pikipiki. Akala sahani mbili, akalala.

Jumapili Mama Ikupa akaenda kanisani juu ya mashine yake, gauni la kitenge likipepea. Ima alifuata kwa bodaboda ya kukodi, injini ndani ya kiroba, tayari kwa safari. Ibada ikaisha. Ukaanza mnada wa sadaka pale nje: mayai, mikungu ya ndizi, jogoo mmoja mkorofi. Kisha Mama Ikupa akasimama.

"Bwana Yesu asifiwe! Shukrani yangu ni hizi betri nne na mota yake."

Ima akajipenyeza mbele. Mzee Lukasi, dalali wa mnada, akapaza sauti: "Nani anaanza?"

Nani asitake betri? Andongwisye, mkulima wa chai, akaanza. Ima akapanda dau. Andongwisye akapanda. Ima akamwaga hela yote aliyolipwa jana. Andongwisye akakuna kidevu, akaongeza mbuzi.

"Na hii!" Ima akapiga kelele, akabwaga kiroba mbele ya watu. "Injini! Nzima!"

Andongwisye akanywea. "Mara ya tatu, zimeuzwa!" akasema Mzee Lukasi, na vigelegele vikapigwa mpaka jogoo akatoroka.

Ima akaziendea betri mbio. Mzee Lukasi akamshika mkono kwa upendo. "Haya, mgeni wetu. Umemnunulia nani?"

"Nani tena? Si mimi..."

Kicheko. Katika kanisa lile mgeni hajinunulii mnadani. Hununua akamtunza mwenyeji wake. Ndivyo ilivyo, na Ima angelijua hilo kama angewahi kukaa kwenye ibada yao mpaka mwisho. Umati ukamsaidia kujibu: "Mama Ikupa! Mama Ikupa!" Kwaya ikaanza wimbo. Mchungaji naye akaja kumpa mkono. Ule mdomo uliomlisha miezi minne ukatoa maneno matatu tu.

"Ni... ni za mama," akasema, machozi yakimlengalenga. Watu wakadhani ni Roho.

Watu walipotawanyika alimkimbilia Mama Ikupa. "Mama, nakuomba. Betri si zangu. Ni za Fred, na Fred kashikilia pikipiki yangu!"

"Najua, mwanangu. Fred ndiye aliyemwoa binti yangu Tulia. Alinipigia tangu Alhamisi, ulipomtajia mashine yangu, kuniuliza kama betri nne zinanitosha."

Ima akakaa chini, kwenye nyasi. "Kwa hiyo utamrudishia?"

"Za nini? Amesema pikipiki inamtosha, inapanda mlima vizuri. Hela yangu ilikuwa ya sadaka tangu mwanzo. Na injini mchungaji ataifunga kwenye mashine ya kanisa, nao wana nyasi."

"Na mimi, mama?"

Mama Ikupa akamtazama kijana wa watu, huruma ikamwingia kweli. Akapanda mashine, akabonyeza swichi.

"Umekula?"

"Bado."

"Basi twende nyumbani ule kwanza. Halafu kuna nyasi za jana, hazijakusanywa."