Karoti Zangu na Liki za Shemeji

Jumapili, 26 Machi

"Ndugu zetu ambao babu zao walitoka Ulaya Mashariki wana mboga tatu za Pasaka: viazi, viazi na viazi."

Hayo ameyaandika Nissim Arditi, mume wa dada yangu, katika jarida la klabu yetu ya Wayahudi hapa mtaani Villa Crespo. Ukurasa wa nne, chini ya tangazo la mashindano ya domino.

Uongo mtupu! Kuna karoti. Kuna bitiruti. Kuna kabichi, ingawa sisemi kabichi ni hoja yenye nguvu. Halafu anayesema ni nani? Mtu ambaye babu zake walitoka Izmir, na ambaye Pasaka nzima anaruhusiwa kula wali kama vile Farao hakuwahi kuzaliwa! Babu zetu sisi walijikataza mchele, mahindi na maharage kwa siku zote nane. Kwa nini? Nimesoma vitabu kumi na viwili juu ya suala hilo na vyote vinapingana. Lakini walijikataza! Wa kwake hawakujikataza kitu, leo mjukuu wao anatuhesabia mboga.

Nimeandika jibu la kurasa sita. Mhariri anasema ana nafasi ya mistari minane. Nimechoka.

Jumatatu, 27 Machi

Nimepita kwa Mama. Ana miaka themanini na sita, na masikio yake husikia yanachotaka. Dada yangu Perla alikuwepo pia. Nikamsomea Mama zile kurasa sita. Kwenye ukurasa wa pili akaniambia nifunge dirisha. Kwenye wa tatu akaniambia nilifungue.

Nikaingia kwenye jambo lenyewe. Nataka Seder irudi nyumbani kwangu.

Kwa miaka kumi na tisa mlo ule wa kufungua Pasaka ulikuwa kwangu. Meza ya marehemu Baba iko kwangu. Viti kumi na vinne viko kwangu. Mwaka jana Mama akauhamishia kwa Perla na Nissim. Sababu iliyotolewa: viazi vyangu vilikuwa vya baridi. Ni kweli vilipoa. Vilipoa kwa sababu nilikuwa naeleza aya moja ya kitabu cha Seder, kwa dakika hamsini na tano tu, na watu wawili wakalala. Wawili! Kati ya kumi na wanne!

Tangu mke wangu Marta arudi kwao Córdoba, na wanangu wahamie Uhispania, ule ndio uliokuwa usiku mmoja wa mwaka ambao viti vile vilikaliwa. Sasa nakalia kimoja. Vingine navifuta vumbi.

Hayo ya vumbi sikumwambia Mama. Nilimwambia kuhusu haki ya mtoto wa kiume wa kwanza. Mama akasema amechoka na mimi, amechoka na Nissim, na akikumbuka vizuri amechoka tangu tulipozaliwa. Kisha akatoa amri. Mimi na Nissim, kila mmoja alete kwenye Seder ya mwaka huu mboga aliyoipika kwa mkono wake. Ile ambayo yeye ataiombea sahani ya pili, aliyeipika ndiye atakayeandaa Seder ya kwanza kuanzia mwakani, maana usiku unaofuata huwa kuna ya pili. "Na sitaki kusomewa kitu," akasema.

Perla aliniangalia kama daktari anayeangalia picha ya mapafu.

Alhamisi, 30 Machi

Silaha ya Nissim inajulikana: kababu za liki. Anazichemsha liki, anazikamua mpaka zinalia, anazichanganya na kiazi kilichopondwa na mayai, anakaanga. Mama yake alimfundisha. Kusema kweli ni tamu. Kusema kweli si lazima.

Nikafikiri. Bila liki hakuna kababu za liki! Huo ndio mkakati wote. Mikakati mikubwa huwa mifupi.

Nikaenda kwa Eulogia, yule mama wa Kibolivia mwenye genge la mboga pale kona. Nikachukua liki zote. Eulogia akauliza: "Don Efraín, umefungua mgahawa au umenunua mbuzi?" Nikamwambia ni mambo ya dini. Akanifungashia, ana heshima. Nikapita magenge mengine mawili, nikayafagia.

Liki hamsini na nane. Ziko kwenye beseni la kuogea. Mgongo umekatika vipande viwili. Jirani wa ghorofa ya tatu amegonga kuuliza kama kuna mtu amefariki.

Jumapili, 2 Aprili

Nimesafisha jikoni kwa ajili ya Pasaka. Droo, rafu, nyuma ya jiko. Nimetafuta makombo ya mkate wenye chachu, maana Pasaka hayatakiwi nyumbani, mahali ambapo hata panya angeona uvivu kufika. Kisha nikajaribu silaha yangu mimi: karoti za Mama. Karoti za vipande vya mviringo, plamu kavu, zabibu kavu, asali, maji ya machungwa. Mwishoni unatia wanga wa viazi, ule unga mweupe laini, ili mchuzi uwe mzito na ushike karoti.

Jaribio la kwanza: zimeungua. La pili: supu. La tatu: kamili! Zilikuwa zile zile za utotoni. Nimezila zote kwa kusimama, kutoka kwenye sufuria, nikiongea na viti.

Wanga wa viazi umeisha. Nitanunua Jumanne.

Jumanne, 4 Aprili

Hakuna wanga wa viazi Villa Crespo nzima. Umekwisha tangu jana. Nikamwambia mwenye duka kwamba kuna watu wanahodhi vyakula majira ya sikukuu, na kwamba kuhodhi ni uhaini dhidi ya jumuiya. Watu kwenye foleni wakasogea mbali nami. Nadhani ni hoja. Au ni harufu ya liki.

Jioni kengele ikalia. Nissim! Amekuja kuazima viti viwili, kwao havitoshi. Nikamzuia sebuleni, lakini pua yake ni ya Izmir. Akafuata harufu mpaka bafuni. Akasimama mbele ya beseni kama mtu aliyefika ukingo wa Bahari ya Shamu.

Nikaandaa utetezi wa hoja tatu. Sikuuhitaji. Machozi yalimlengalenga. Akasema amezunguka mtaa mzima siku tano, Eulogia akamwambia kuna bwana mmoja amezibeba zote, naye akamlaani bwana huyo kwa Kihispania na kwa lugha ya bibi yake. "Kumbe ni wewe, shemeji! Ulikuwa unaniwekea!" Akanikumbatia. Ana mikono mizito.

Ningesema nini? Nikasema ndiyo.

Mbaya zaidi, hakuweza kuzibeba peke yake. Nikabeba nusu ya liki zangu mwenyewe, mitaa minne, kuzipeleka kwa adui, mgongo huu huu. Yeye alibeba nusu nyingine na viti, akiimba.

Alipokwenda chumbani kumpa Perla habari njema, nikabaki peke yangu jikoni kwao. Juu ya rafu kulikuwa na kopo la bati, halina maandishi. Nikafungua. Unga mweupe laini. Wanga!

Nimwombe Nissim Arditi? Nimwambie nimepungukiwa? Sijafika huko. Nilikuwa na bahasha yenye zile kurasa sita, maana natembea nazo. Nikazitoa, nikachota wanga kikombe kizima, nikaumimina ndani ya bahasha. Hatimaye makala yangu imezaa matunda.

Jumatano, 5 Aprili, mchana

Karoti zimeiva. Nzito, zinashikana vizuri. Mchuzi umefifia kidogo, si kama ule wa Jumapili. Nadhani ni asali.

Sufuria imefungwa kwa taulo. Nimevaa suti. Jua likizama sikukuu inaingia, na siku za sikukuu siandiki. Nitakapoichukua tena kalamu hii, nitakuwa mwenye Seder. Nimeshaamua nani atakaa kiti gani. Nissim: karibu na mlango wa bafu.

Jumapili, 9 Aprili

Sikukuu siku mbili, Sabato juu yake. Vidole vinaniwasha.

Seder ya kwanza, kwa Perla. Nilijizuia. Nilieleza ile aya kwa dakika nne! Sufuria yangu ikawekwa katikati ya meza. Mama akapakua karoti, akainua kijiko kwenye mwanga wa taa, akakigeuza upande mmoja, akakigeuza upande wa pili. Hakukitia mdomoni. Akauliza mchuzi nimeufanya mzito kwa kitu gani. Nikasema kwa wanga, kama yeye alivyonifundisha. Akasema wanga wa viazi huacha mchuzi unang'aa kama kioo. Huu umefifia kama maji yaliyofulia soksi. Akauliza nimeutoa wapi.

Nilikuwa na njia mbili: kusema kweli au kuhutubia. Nikahutubia. Nilipofika kwenye uvamizi wa nzige, Perla akarudi kutoka jikoni na lile kopo la bati. Akalitikisa karibu na sikio langu. Akasema Jumanne lilikuwa limejaa, na kwamba ndani yake anaweka wanga wa mahindi, kama kila mwaka, maana kwa upande wa mumewe mahindi ya Pasaka ni ruksa, na kwamba tangu utotoni hakuna kitu cheupe kilichowahi kukaa salama mbele yangu, wala sukari, wala maziwa ya unga.

Mahindi! Mimi! Mwandishi wa kurasa sita dhidi ya mahindi!

Upande wetu wote wa meza ukaweka vijiko chini kwa pamoja, kama kikosi cha askari. Upande wa Nissim ukaokota vijiko. Yeye mwenyewe alikula sahani tatu. "Shemeji, karoti hizi ni hatari!" akasema, mdomo umejaa. "Za kwetu kabisa hizi!" Nimetukanwa na watu wengi katika maisha ya uandishi, lakini sijawahi kutukanwa na mtu aliyekusudia kunisifu.

Kababu zake za liki hazikuwa na kitu cha kupinga. Nilizichunguza kwa uma. Kiazi, liki, yai. Mezani hapakuwa na hata punje ya wali. Nikamnong'oneza Perla, wali uko wapi? Akanijibu kwamba Nissim hapiki wali usiku ule Mama akiwa mezani, mwaka wa pili sasa, na kama ningenyamaza hata mara moja ningekwisha kuona.

Mama aliomba sahani ya pili ya kababu. Kisha ya tatu, kwa kunikomoa.

Basi. Imekwisha. Nikavaa koti, nikaenda kuchukua sufuria yangu. Tupu, imesafishwa kwa ulimi wa adui. Nikiwa mlangoni nikamsikia Nissim anamwambia Mama kwamba kesho kuna Seder ya pili, na hakuna aliyesema nayo iwe hapa. Twende kwa Efraín. Viti viko kule, hivi viwili yeye Nissim atavirudisha. Mama akaniuliza kama kwangu kuna chakula. Nikasema kipo, tele.

Hakikuwepo. Sikukuu hatununui kitu. Kulikuwa na kuku mmoja, mikate ya Pasaka, na kilo nane za viazi.

Alhamisi usiku viti vyote kumi na vinne vilikaliwa. Nilivihesabu mara mbili, ya pili nikijifanya natafuta chumvi. Nilipika viazi vya kuchemsha, juu vitunguu vya kukaanga. Vilifika mezani vya moto, kwa sababu Perla alisimama mlangoni mwa jikoni na bakuli, akakataa kuleta mpaka ninyamaze. Nilinyamaza. Mama akala polepole. Akafuta mdomo. Akasogeza sahani mbele.

Akaomba tena!

Nissim akanikonyeza toka karibu na bafu. "Viazi, viazi na viazi, shemeji." Meza nzima ikacheka, hata mama yake Nissim ambaye hasikii. Mama akasema sawa, Seder ya kwanza ni ya Nissim, lakini ya pili iwe kwangu, mwakani na miaka yote atakayokuwa hai, ilimradi nipike viazi na nisihutubie.

Mtu mwingine angeshukuru na kukaa. Mimi nilisimama kueleza kwa nini sahani ya pili ya viazi, kihistoria, haithibitishi madai ya Nissim. Dakika sabini. Watu watano walilala, Mama akiwa wa kwanza. Wakaondoka wamebebana. Viti vimebaki jinsi walivyoviacha, vimepinda huku na huku. Sijavinyoosha. Vikae hivyo kwanza.

Leo asubuhi nimerudi kazini. Barua kwa jarida la klabu, kurasa tisa. Mwisho wake ni huu, naunakili hapa ili usipotee:

"Nyinyi wanakamati wa jarida: chapisheni barua hii nzima, ukurasa wa kwanza, na domino lisogee. Na nyinyi mashemeji mliotoka Izmir, mliooa dada zetu hapa Villa Crespo: kabla ya Pasaka ijayo andikeni juu ya makopo yenu kuna nini ndani, kwa herufi kubwa, pande zote. Sisi tunaopita kuchota tuna haki ya kujua tunachota nini!"