Bukari Kabla ya Mechi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Jana tumepigwa tena. Kakanda 52, sisi 3. Na ile tatu ya nani? Yangu! Penalti katikati ya nguzo. Bila minye, Rolly, namba kumi, club yetu ya rugby ingerudi Likasi haina hata kitu cha kusimulia.

Kocha wetu, Papa Zéphirin, ametuita leo. Shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu, amechoka na sisi. Tukipigwa tena Jumapili, nguzo zinang'olewa, kiwanja kinapewa watu wa kabumbu. Hatuna kiwanja kingine. Gaston, golikipa wao, alikuwa tayari anapima kwa miguu mahali pa goli lake. Akaniuliza: petit, weye mtoto, ile mpira yenu ya sura ya papai mutaipeleka wapi? Nikamjibu hata papai linataka mtu wa kulidaka, na weye juzi uliachia mbili. Akarudi kupima.

Jumatano, 11 Juni

Mazoezi. Vumbi la kiangazi mpaka kooni. Papa Zéphirin anafundisha kupitisha mpira nyuma. Miaka miwili anafundisha hiyo hiyo, na bado watu wanautupa mbele. Minye sina haja ya mazoezi. Nilikaa kando, nikafikiri.

Jumapili wanakuja watu wa Kambove. Wachimbaji watupu! Shingo kama magunia ya makaa. Kwa nguvu hatuwawezi. Kwa akili, ndiyo. Rugby iko na desturi: mechi ikiisha, mwenyeji anawalisha wageni. Tunaiita mi-temps ya tatu, kipindi cha tatu. Basi kila mara tunapigwa, halafu tunawapikia waliotupiga. Upuuzi! Kwa nini wasile KABLA? Mtu aliyeshiba bukari, ugali wetu, hakimbii, anatafuta kivuli. Nimeona kwa baba yangu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepita kwa Mama Philomène, mpishi wetu. Nikamwambia kwamba Papa Zéphirin amebadilisha saa ya chakula. (Mwenyewe hajui. Atanishukuru.) Mama akauliza: na nyinyi batoto yetu, mutakula saa ngapi? Nikasema sisi tutakula ushindi. Akaniangalia kama mbuzi aliyepanda juu ya meza. Akasema weye Rolly, kichwa yako iko na moshi ndani.

Lakini amekubali. Bukari nzito, sombe ya majani ya muhogo, maharagwe. Nimemwambia asiwahurumie.

Jumapili, 15 Juni

Walikula. Mama yangu, walikula! Walinawa mikono, wakakaa kimya, wakakwangua sufuria. Nilikuwa nachekea moyoni. Papa Zéphirin alifika amechelewa, akakuta vyombo vitupu, akanitazama mimi tu. Sijui kwa nini.

Kisha kapteni wao, kaka mkubwa wanayemwita Yaya Pitshou, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Akasema hawajawahi kupokelewa hivi. Kwamba wao kila asubuhi wanakula vile vile kabla ya kushuka shimoni. Kwamba leo walitoka Kambove tumbo tupu na walikuwa na hofu sana.

Nikawaangalia wenzangu.

Tumbo tupu sasa ni letu: tumetoka misa moja kwa moja, tukingoja chakula cha baadaye kama kawaida. Kwenye mele ya kwanza, pale tunaposukumana vichwa chini, walitusukuma mpaka karibu na barabara. Minye nilimkamata Pitshou miguu. Nilimkamata vizuri! Alitembea nami mpaka nyuma ya mstari wetu, akaweka chini mpira, akaniweka na minye pembeni, polepole, kama mtoto aliyelala. 68 kwa sifuri.

Mechi ikaisha, wenzangu wakakimbilia kwa Mama Philomène. Sufuria tupu. Wakauliza nani amefanya hivi. Mama akanyoosha kidole. Pale nilikimbia kuliko mechi nzima.

Jumanne, 17 Juni

Nguzo zimeng'olewa. Papa Zéphirin alibeba moja begani mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Nilimsalimia. Akapita na nguzo yake.

Gaston akasema mbele ya watu wote kwamba yeye si muntu mubaya. Jumapili tucheze nao kabumbu. Tukiwafunga, wanaturudishia kiwanja. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Papa Zéphirin akakubali. Afanye nini?

Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa moja, na si langu: wachimbaji wamezoea. Lakini Gaston anachimba nini? Anauza kredi ya simu kivulini mchana kutwa. Tumbo laini!

Nimetoka sasa hivi kwa Mama Philomène. Nimemwambia kwamba Papa Zéphirin anaomba sufuria mbili za bukari, kabla ya mechi.