Masharti ya Dawa ya Silvana

Malangali,
Sumbawanga.

Kwa Mtengenezaji wa Dawa za Mitishamba, China.
Kupitia kwa Bi Hamisa, muuza dawa, Sumbawanga Mjini.

YAH: MASHARTI YANAYOMUUMIZA ASIYEUMWA

Ndugu Mtengenezaji,

Natumaini hujambo na kazi ya kuanika mizizi inaendelea. Huku Ufipa baridi ni kali, ila mahindi yameshaingia ghalani.

Mke wangu Silvana ameumwa tumbo kila mwezi kwa miaka tisa. Sisi tulisema ni chango, avumilie. Mwaka huu daktari akasema ni endometriosis: nyama kama ile ya ndani ya mfuko wa uzazi imeota nje yake. Akampa vidonge. Kuhusu mitishamba yako alisema ushahidi bado ni mdogo, vidonge asiache. Silvana akanunua pakiti mbili hata hivyo.

Dawa yako sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni karatasi ya masharti iliyokuja na pakiti, ambayo Silvana ameibandika ukutani. Sisi wa huku dawa isiyo na masharti hatuiamini, ndiyo maana nimetii yote:

1. Mgonjwa asishike maji baridi. Ndugu, mwezi wa saba Sumbawanga, maji gani si baridi? Nachota mimi, nafua mimi, na majirani wanapita kunipa pole.

2. Asibebe kitu kinachozidi uzito wa kikombe. Magunia ya maharage nimebeba. Mtoto nilimpima kwenye mizani ya mahindi, naye amezidi kikombe. Sasa anakaa mgongoni kwangu.

3. Dawa ichemshwe na mwenye ndevu, bila kunung'unika. Jumanne nilinung'unika kidogo, ikabidi nimwage nianze upya.

4. Mama wa mume asilale nyumbani kwa mgonjwa zaidi ya siku tatu. Mama yangu alikuja kutoka Mwimbi na begi la mwezi mzima. Nimemsindikiza stendi kwa heshima zote, lawama nikakutupia wewe. Usipite Mwimbi kwa sasa.

5. Mgonjwa akisema anaumwa, aaminiwe mara ya kwanza. Hili ndilo limenichosha kuliko magunia. Zamani nilikuwa namuuliza hata mara nne.

Naomba upunguze masharti, au ututengenezee na sisi waume dawa ya mgongo.

Nisalimie mama watoto, wafanyakazi wote, na huyo mwandishi wa masharti, ingawa yeye asizidishiwe salamu.

Wako mtiifu kwa karatasi,
Vicent.

Nyongeza: Nimempelekea Bi Hamisa barua hii, amecheka hadi akakaa chini. Anasema pakiti zake zina Kichina kitupu, karatasi hakuna. Nimerudi nyumbani nikaitazama vizuri karatasi yetu. Ni mwandiko wa Silvana. Miaka tisa aliniambia kwa mdomo kwamba anaumia nikamwona mvivu. Nilipodhani amesema Mchina, nilitii siku hiyohiyo. Nimeona aibu sana. Kwa hiyo usijibu, wala usipunguze kitu. Karatasi nimeirudisha palepale ukutani, na yeye sijamwambia kwamba najua. Ndoo ni tupu, naenda bombani.