Wakili Leo Alipolazwa Kawajense

Leonidas hakusomea sheria, na kusema kweli hakuna alichowahi kusomea kikafika mwisho. Lakini asubuhi ile, kwenye kiti cha kinyozi huko Kawajense, mjini Mpanda, povu likiwa usoni, redio ilimfundisha kila alichohitaji. Mtaalamu mmoja alikuwa anaeleza kwamba mgonjwa aliyeumizwa na uzembe wa wauguzi ana haki ya kudai fidia. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakaamka. Mmoja akasimulia sindano iliyomfanya akae upande mmoja msimu mzima, mwingine akasimulia mjomba aliyesahauliwa bafuni. Leonidas aliwasikiliza kwa huzuni kubwa, akamwambia kinyozi basi, inatosha, akatoka na ndevu za upande mmoja, tayari ni wakili.

Ofisi yake ilikuwa simu, na siku za kuonana ana kwa ana, kibanda cha chai karibu na stendi. Alivaa koti jeusi lenye mikono mifupi kidogo. Akajiita Wakili Leo, na jamani, watu walikuja. Alikuja kijana aliyeanguka na bodaboda akiwa amelewa, anataka kumshtaki nesi aliyemfunga plasta. Akaja bwana mwenye duka ambaye hajawahi kulazwa tangu azaliwe, akauliza kama mtu anaweza kudai mapema. Wakili Leo akamjibu kwamba inawezekana, ila ada ya kufungulia faili inapanda kidogo. Wote walilipa ada. Na kila aliyepiga simu kuulizia kesi yake alipewa jibu moja, kwa sauti ya upole wa kisomi: "Faili lako liko kwa hakimu. Tulia."

Katika kundi hilo alikuwepo Libérate, mkulima kutoka Katumba, na huyu hakuwa anatania. Mama yake, Générose, alitundikiwa dripu kwenye Kituo cha Afya Heri Njema, hapo hapo Kawajense. Dripu ikatoka kwenye mshipa, mkono ukaanza kuvimba, na Libérate akamfuata Nesi Evaline mezani kwake. Evaline alikuwa anaangalia tamthilia kwenye simu. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba maji yanaingia tu, asubiri. Akasubiri. Sasa vidole vya mama vimekunjamana, hawezi kushika jembe wala kufunga kanga yake mwenyewe. Daktari mmoja alishamwambia kwamba Mbeya wanaweza kuupasua mkono ule ukanyooka, lakini wakichelewa kupita mavuno, basi tena, utabaki hivyo. Libérate aliuza mahindi ya akiba kwa ajili ya ada ya Wakili Leo, na kila wiki alikuja mjini kuambiwa atulie.

Tatizo la Leonidas ni tamaa. Akajiuliza kwa nini ahangaike na senti za wagonjwa wakati mwenye kituo, Mzee Mbaruku, analala juu ya hela. Mbaruku alikuwa muuza saruji na mabati kabla ya kuingia kwenye afya, na kitu alichokiogopa kuliko vyote ni kusemwa vibaya mjini. Mpango ukawa rahisi. Leonidas alazwe Heri Njema kwa homa, achomwe sindano, halafu mguu ufe. Na ili mambo yanoge, ulimi nao ufe. Wakili Leo, ambaye Mbaruku hajawahi kumwona, apige simu ya vitisho. Mzee atoe kitu, yaishe.

Kulikuwa na kikwazo kimoja, na wewe uliyewahi kuuguza unakijua. Huwezi kulazwa bila ndugu. Ndugu ndiye anayepika, anayefua, anayekuogesha, anayekushikia simu na nguo, na ndiye anayemkumbusha nesi kwamba upo. Wanawake wa mjini walimfahamu Leonidas tangu enzi zake za kuuza viwanja vya watu. Libérate alipotokea kibandani kuulizia faili, akaona jibu limekuja lenyewe. Akamweleza kwamba kesi ya mama inahitaji ushahidi wa ndani, kwa hiyo wataingia wote, yeye kama mgonjwa, Libérate kama dada yake.

Libérate akazungusha kikombe cha chai. Kisha akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo nitakuwa ndugu yako kweli, mbele ya watu?"

"Kabisa," alisema Leonidas. "Hata wewe mwenyewe uamini."

Leonidas akaogopa kidogo kwamba Evaline atamtambua Libérate. Hofu ya bure. Kumtambua mtu kunahitaji umtazame, na Nesi Evaline alikuwa kwenye sehemu mpya ya tamthilia. Leonidas akapewa kitanda kando ya mzee mmoja mchangamfu aitwaye Antoni, akachomwa sindano ya homa ambayo hakuwa nayo, na kufika mchana mguu wake wa kulia ulikuwa umekufa kwa ustadi wa hali ya juu. Ulimi ukafuata. Libérate akapiga yowe lililowatoa hata wapishi jikoni. Leonidas akajifunika shuka gubigubi, akampigia Mbaruku simu kwa kunong'ona, akamtajia mahakama, magazeti na hasira ya wananchi. Alipomaliza, chaji ilikuwa imekwisha. Soketi ilikuwa mezani kwa nesi, kwa hiyo ndugu wa mgonjwa akachukua simu akaipeleka.

Mzee Mbaruku alikuja mwenyewe alasiri, kanzu imenyooka, na nyuma yake mwenyekiti wa mtaa na kreti ya soda. Leonidas moyoni alicheka. Akalegeza mdomo upande, akaacha mate kidogo yatoke.

"Binti yangu," alisema Mbaruku, "sisi ni watu wa mji mmoja. Mahakama ya nini? Tuzungumze na huyu kaka yako, tuyamalize."

"Kaka hasemi, mzee. Ninayemuuguza ni mimi."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Anayemuuguza ndiye mwenye neno, alisema, na hilo hata baraza halipingi. Wakavuta stuli. Libérate akataja kiasi kile kile alichofundishwa kutaja, halafu, kwa sauti ya kawaida kabisa, akaongeza matibabu ya Mbeya na nauli ya watu wawili.

Hapo Leonidas akatoa macho. Mbeya haikuwemo kwenye mpango.

"Mbeya kuna nini?" Mbaruku akauliza.

"Kuna daktari wa kunyoosha viungo."

Mbaruku akamtazama mgonjwa, akauona mdomo uliopinda, akaona aibu itakavyotembea sokoni, akaingiza mkono ndani ya kanzu. Leonidas akagugumia. Akakunja uso, akapepesa jicho, akakoroma kwa ghadhabu kadiri mtu aliyekufa ulimi anavyoweza. Mwenyekiti akaguswa sana. Akasema jamani mwoneni, ameridhika, anashukuru. Bahasha ikaingia mikononi mwa Libérate, soda zikafunguliwa, mikono ikashikwa mbele ya wodi nzima, na mwenyekiti akatamka kwamba neno hili limekwisha na asije mtu kulifufua.

Walipoondoka, Libérate alimnywesha Leonidas uji mpaka kikombe kikaisha, maana hakuwa mtu mbaya. Kisha akakusanya shati lake, suruali yake, lile koti jeusi na viatu, akasema zina vumbi, anakwenda kufua. Akapita mezani kwa nesi kuchukua simu ya Leonidas iliyokuwa kwenye chaji, na kutoka pale hakurudi.

Leonidas akabaki na shuka. Asubuhi iliyofuata bado alijipa moyo: mwanamke wa Katumba atathubutu wapi, labda nguo hazijakauka. Akifungua mdomo sasa hivi tu, hela yote itarudi kwa Mbaruku. Kwa hiyo alikaa kimya na njaa yake, na alikuwa kimya hivyo hivyo Nesi Evaline alipoingia na sindano mkononi, jicho kwenye simu, akauliza ya nani hii. Ilikuwa ya Mzee Antoni. Mzee Antoni alikuwa amesinzia, na mkewe ametoka kuteka maji. Ndugu angekuwepo angesema si ya huyu. Leonidas alilijua jibu, likamfika mpaka kwenye meno, akalimeza.

Evaline akamgeuza ubavu akachoma. Akachoma vibaya, pale pasipochomwa. Moto ukashuka mpaka kwenye kisigino, kisha mguu ukanyamaza, na safari hii hakuwa ameuamuru. Mguu ulikuwa ule wa kushoto.

Alipiga ukelele mpaka Mzee Antoni akaamka akamsifu Mungu kwa ulimi uliofunguka. Mbaruku akaitwa. Leonidas akaeleza, akalia, akashika mguu wa kushoto na kuapa kwamba huu ni wa kweli, ule wa jana ndio ulikuwa wa uongo. Mbaruku alimsikiliza kwa subira ya mtu aliyeshalipa. Akasema yeye anakumbuka mguu tu, kulia au kushoto hakusomea, ndugu wamepokea, soda zimenywewa, mwenyekiti ameshuhudia. Akatoka.

Leonidas alilia kweli, kwa mara ya kwanza tangu aanze uwakili. Aliogopa. Aliuminya mguu wake na hausikii.

Mzee Antoni alimwonea huruma. Akamsogelea, akamnong'oneza kwamba asikate tamaa, mjini yupo wakili wa mambo haya haya ya uzembe, mpole sana, shemeji yake ameshafungua faili kwake. Akampa simu yake, namba ikiwa imeshabonyezwa.

Iliita mara nyingi. Ikapokelewa, na nyuma yake kulikuwa na muungurumo wa basi, kondakta anatangaza Sumbawanga, na mama mtu mzima anauliza kwa Kirundi ni nani anayepiga.

"Dada," alisema Leonidas. "Mguu wangu umekufa. Kweli tena. Nisaidie."

Libérate aliibana simu kwa bega. Alikuwa ameupakata mkono wa mama yake mapajani, anavisugua vile vidole taratibu.

"Pole sana, kaka," alisema. "Faili lako liko kwa hakimu. Tulia."