Malalamiko Juu ya Sheria ya Injini Iliyofiwa

Kwa Mheshimiwa Rais,
Chama cha Warusha Ndege Ndogo za Rimoti, Rubavu.

Mheshimiwa Rais Donatille,

Pokea salamu zangu za heshima. Najua sisi ni mume na mke, na barua hii nimeiweka kando ya kikombe chako cha chai. Lakini umenisimamisha uanachama kwa cheo chako cha Rais, nami nakujibu kama mwanachama. Ya nyumbani tuyaache nyumbani.

Nalalamikia sheria yako ya ndege za injini mbili: injini moja ikizimika angani, punguza nguvu ya ile iliyobaki, elekeza usukani upande wa iliyo hai, kisha utue taratibu. Naomba ifutwe kabla ya Jumapili. Kaka yangu Gentil anavuka mpaka kutoka Goma na wanawe wote kuja kuniona nikirusha, na nimeshajisifu kupita kiasi.

1. Sheria inadharau mila. Kwetu ndugu mmoja akifa, aliyebaki hupunguziwa mzigo? Huongezewa! Hurithi watoto, mashamba na ugomvi wa mipaka. Donc, kwa sababu hiyo, injini ya kushoto iliponyamaza juu ya uwanja wa Nyamyumba, niliipa ya kulia nguvu zote. Ndege ikageuka ghafla kumfuata marehemu, ikalala chali, ikaangukia sambaza, samaki wadogo wa ziwani, ambazo muuzaji Mama Nyirarukundo alizianika juani. Mama wa watu akapiga kelele: “Muzee Anastase, leo sambaza njo inaruka, ndege njo inalala!” Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka kidogo, kwa adabu.

2. Sheria inaniamuru niipe kisogo injini iliyokufa. Mimi ni mzaliwa wa kule Nyundo. Kwetu asiyefika msibani husemwa mpaka siku anapokufa yeye, na siku hiyo husemwa zaidi.

3. Unadai injini moja haiwezi kazi ya mbili. Na wewe je? Mwaka jana goti liliponilaza, uliendesha duka, jiko na kwaya peke yako, kwa nguvu zote, wala sikuona ukipinduka. Kweli baada ya hapo ulilazwa wewe, lakini ile ilikuwa malaria, au ndivyo nilivyowaambia majirani.

4. Umeninyang'anya rimoti yangu mbele ya mwanachama mwenzetu Kadiri, mtu ambaye ndege yake ina injini moja tu! Tangu siku hiyo ananisalimia kwa huruma. Jambo hili limeniuma kuliko kuanguka kwenyewe.

Kwa hiyo napendekeza sheria mpya: injini moja ikifa, iliyobaki ipewe nguvu zote, na wanachama wavue kofia. Kama hilo ni gumu, basi kila ndege ifungwe injini ya tatu, ambayo kazi yake itakuwa kufariji tu.

Nisalimie wanachama wote, wanakwaya, Mama Nyirarukundo na sambaza zake zilizosalia, pamoja na watu wote wa nyumbani kwako, mimi nikiwemo.

Wako mtiifu, kwa sasa,
Anastase,
Mwanachama aliyesimamishwa.

N.B. Jana ulipokuwa kwenye kwaya niliitoa rimoti kwenye pipa la unga ulikoificha, nikaenda uwanjani na ndege niliyoiunga bawa kwa gundi. Injini ya kushoto ikazimika tena. Nikapunguza nguvu, nikaelekeza usukani upande wa iliyo hai, vilevile ulivyotufundisha, na ndege ikatua kama kuku anayerudi kwenye mayai yake. Nikageuka haraka nione kama umeona. Hakukuwa na mtu. Sijawahi kurusha vizuri namna ile, na sikufurahi hata kidogo. Sheria iache kama ilivyo. Ila Jumapili, nakuomba, usimame karibu yangu.